Mbele ya Kuandika "Amekataa"

Wadogo wangu wa kazi, mumeniomba niandike namna nilitumika, sababu sasa niko mu retrete, nimepumzishwa, na munafikiri sina kazi. Kazi iko. Niko na maharagi mu shamba, niko na goti ya kuume yenye inaniuma kila mvua, na niko na hasira. Hii ya mwisho njo inashika kalamu. Wazazi waliniita Vumilia bila kuniuliza, na wote wenye walitumika na mimi wanajua kama ile jina haikunifaa hata siku moja.

Habari ya vyeo na mushahara nitaiacha, haina mafundisho. Nitawaambia kazi moja tu, ile tulikuwa tunaita "kuangalia wamama". Mwanamuke hana mimba, hasikii ugonjwa wowote, anakuja mara moja ku mwaka umuangalie kifua, tumbo na mulango ya kizazi, mbele ugonjwa haijapata nguvu. Muko munaifanya vibaya. Mimi pia niliifanya vibaya, na mwanamuke mumoja alikufa. Sitazunguka.

Nilizaliwa Bweremana, ku ziwa, mu harufu ya samaki ndogo za sambaza. Nilipomaliza masomo ya uganga wa hospitali walinituma ku santre moja ya afya mu milima ya Masisi, mwendo ya miguu toka Kibabi. Jina yake sitaitaja. Wenye waliijenga wangali wazima na wanajua kujitetea. Siku ya kwanza nilivaa bluzi nyeupe yenye mama yangu alipiga pasi mara mbili, na nilipofika ilikuwa na matope mpaka ku mifuko. Mukubwa wa santre akanipeleka mu chumba ya kuangalilia wamama. Ilikuwa chumba ya mbao na paa ya manjanja, mabati, na dirisha moja ndogo pembeni. Kuran, moto ya umeme, hakuna. Lampe ya jua ilikuwa imeenda na watu wa bunduki, pamoja na matandiko na redio. Ku ukuta walibandika plan yenye ilitoka Goma na mihuri yake yote: kabati hapa, meza pale, miguu ya mugonjwa kwa mulango, mulango wazi, ili mwangaza iingie. Nikasoma ile plan nikasema, "Ni vizuri." Njo kosa yangu ya kwanza, na niliifanya mbele ya kuvua buti.

Mwenye alinifundisha kazi hakuwa mukubwa. Alikuwa Mama Sifa, mama wa kufagia na kuchemsha vyombo. Mbele santre ijengwe, yeye njo alikuwa anazalisha wamama wa ule mulima wote. Alinikuta nashika spekulumu, ile chuma ya midomo mbili yenye inafungua njia ili uone mulango ya kizazi.

"Weye, mutoto wa ziwa," akaniuliza, "ile chuma walishakuingizia weye?"

"Hata siku moja, Mama."

"Basi weka ku shavu."

Munajua baridi ya asubui ya Masisi. Niliweka ile chuma ku shavu, nikapiga kelele. Mama Sifa akacheka mpaka akaikaa chini.

"Shavu inalia," akasema. "Sasa kule kungine kutasema nini?"

Toka siku ile nilikuwa na bakuli ya maji ya moto kidogo pembeni ya meza, na nawaambia: muntu mwenye anaingiza chuma ya baridi mu mwanamuke, na yeye wamuingizie ku shingo, mbele ya chai.

Munaniulizaka, "Mama Vumilia, tuwaambie wamama watakuta nini?" Muwaambie hivi. Kwanza tunaongea, na umevaa nguo zako zote. Unaenda ku mwezi namna gani? Damu inatoka saa yenye haistahili? Unaumia ukilala na bwana? Unatokwa na maji ya kunuka? Na weye munganga, mama akijibu, usiinamishe kichwa unaandika kama karani wa kodi, muangalie. Halafu unapima tansio ya damu. Halafu aende kukojoa, sababu kibofu ya kujaa itamuumiza yeye na itakudanganya weye. Halafu kifua: vidole tatu pamoja, kwa kuzunguka, mpaka ndani ya kwapa, na umufundishe ajiangalie mwenyewe kwake. Halafu tumbo. Njo sasa meza. Kila kitu unasema mbele ya kuifanya: "Sasa nagusa paja. Sasa naingiza. Kohoa kidogo." Akisema simama, unasimama, hakuna mjadala. Ukishaona mulango ya kizazi, unaipakaa na pamba vinegri, ile siki ya chakula, unangoja dakika moja. Kama inabaki na rangi yake, unamwambia aksanti, vaa, tuonane mwaka kesho. Kama pahali panakuwa peupe, kuko kitu inaanza, na kitu yenye inaanza tu inaponaka. Yote ile haifikie muda ya kuchemsha viazi.

Haya yote nilijua vizuri sana, na wamama walikuwa wanafika ku mulango ya chumba, wanaangalia meza, wanarudi kwao.

Sasa nawaambia Riziki. Alikuwa mulimaji wa maharagi na mihogo, mama wa watoto ine, mwenye kicheko yake ulikuwa unaisikia ku mulima ingine. Alikuja mwaka wangu ya kwanza, nyuma ya mavuno. Akaniambia kama akilala na bwana wake, damu kidogo inatoka. Nikamwambia apande ku meza. Akaangalia meza. Akaangalia mulango. Akakamata kikwembe, nguo yake ya kujifunga, na mikono mbili.

"Hapa hapana, Mama."

"Hapana ya nini? Unaona haya? Mimi ni mwanamuke kama weye."

"Siwezi."

"Basi sema sababu!"

Akainamisha macho. "Siwezi, Mama. Unisamehe."

Nikachukua rejista nikaandika: Amekataa. Nikamupa dawa ya enfeksio, yenye tulikuwa tunapatia kila mwanamuke mwenye hatukumuangalia, akaenda. Mwaka ya pili akarudi na damu ileile, na mimi nikaandika neno ileile. Mwaka ya tatu damu ilikuwa inatoka hata bila bwana, na aliposema tena "siwezi", nilipandisha sauti mpaka watu wa nje wakageuka. Nilimwambia, "Basi utakufa na haya yako!" Aliniaga kwa heshima, akaenda.

Ile miaka supervizeri alikuwa anakuja toka Goma na motokari ya jipu, anafungua rejista, anaona "amekataa, amekataa" ukurasa nzima. Anatikisa kichwa. "Hawa wamama wa milima hawajue kitu," anasema. "Muwafundishe." Tukafundisha. Tulipiga kelele na megafone ku soko. Mu kanisa pasta alinipa dakika kumi, akanikatia ku ya tatu nilipotaja mulango ya kizazi. Na wamama walisikia! Walikuja! Walifika ku mulango ya chumba, wakaangalia meza, wakarudi. Na mimi mwenye diploma niliandika ujinga yao na wino ya serikali.

Mwaka ya ine, siku moja asubui, nilikuwa nalalamika tena kama wanawake wa huku wako na kichwa nguvu. Mama Sifa akaweka ndoo chini.

"Ulishalala ku ile meza?" akaniuliza.

"Mimi? Nilale kufanya nini?"

"Lala."

Nikalala na bluzi yangu na kikwembe yangu. "Weka miguu kama unawaambiaka," akasema. Nikaweka. "Sasa nyanyua kichwa." Nikanyanyua. Katikati ya magoti yangu mbili niliona mulango, kiwanja, na Papa Kashara, sentinele mwenye kulinda santre yetu, ku kiti yake chini ya paa ya ngambo, anashona sandali. Akaniona. Akanyanyua mukono akanisalimia, "Asubui, munganga!"

Nilifunga magoti mbio.

"Yule muzee alizaa nani?" Mama Sifa akaniuliza. Alikuwa anaongea polepole kama na mutoto. "Alizaa bwana wa Riziki. Yule ni babamukwe wake."

Kwetu ku ziwa bukwe, heshima ya wakwe, iko, lakini ku ule mulima bukwe ni kitu ya nguvu. Bibi ya mutoto wako hakule mbele yako. Hapite mbele yako magoti yakionekana. Na jina yako haitoke mu kinywa yake, hata kama mulima iko na jina ileile ataitafutia ile mulima jina ingine. Sasa Riziki angeniambia nini? Kunieleza ilikuwa kumutaja, ao kumuonyesha na kidole, na kidole ilikuwa mubaya kuliko jina. Nilimuomba sababu mu chumba yenye mulango wazi, na sababu ilikuwa imeikaa pale mbele, inasikia kila neno!

Nikamugeukia Mama Sifa na hasira. "Miaka yote ile, kwa nini haukuniambia?"

"Uliniuliza?" akasema. "Weye ulikuwa unaandika tu."

Na haikuwa Riziki peke yake. Kuko wamama wenye walipatwa na mambo mu pori wakienda shamba, na kulala chali mbele ya mulango wazi ni kitu mwili yao inakataa. Hata wale niliwaandika palepale, mu mustari moja na wengine.

Tuligeuza meza ile asubui. Miguu kwa ukuta, kichwa kwa mulango, mulango imefungwa na muti kwa ndani. Mwangaza sasa? Mama Sifa alienda kwake akarudi na kioo ya kunyolea ya bwana wake, pembe moja imevunjika. Anasimama nyuma ya bega yangu, anakamata mwangaza ya dirisha ndani ya kioo, anaitupa pale nataka. Wadogo wangu, ile kioo ilikuwa inaonyesha vizuri kuliko mulango wazi. Miaka tatu dawa ya ile chumba ilikuwa inaninginia ku msumari, kwa muntu wa kufagia.

Nikavaa buti nikaenda mimi mwenyewe kwa Riziki. Nilimukuta mu maharagi, amekonda. Nikamwambia, "Meza tumeigeuza. Mulango tumeifunga. Hakuna muntu atakuona." Alitupa jembe palepale. Mu njia yeye njo alikuwa mbele, mimi nyuma nakosa pumuzi.

Alilala bila neno. Niliingiza spekulumu ya moto kidogo, Mama Sifa akatupa mwangaza. Haikuomba hata vinegri. Mulango ya kizazi ilikuwa imeliwa yote, kama shu, ile kabichi, yenye imeoza, na damu ilitoka nilipogusa tu. Mama Sifa akashusha kioo, mwangaza ikaangukia ku ukuta.

Riziki akauliza, "Munaona nini?"

Nilimuambia yote. Halafu akaniuliza, "Kama ungeona mwaka ile ya kwanza?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Pengine ilikuwa kidonda ndogo. Tungekutuma Goma waiondoe, ungerudi kulima."

Hakulia. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Ningekuambia namna gani, Mama? Jina yake siwezi kuitaja." Na hata siku ile hakuitaja.

Goma walimuangalia wakamurudisha. Alikufa mbele maharagi haijakauka. Ku kilio Papa Kashara alinivuta pembeni. Muntu fulani alikuwa amemwambia.

"Munganga, ni kweli ilikuwa sababu ya kiti yangu?"

Nilimukubalia na kichwa.

"Mungeniambia tu," akasema, na machozi ilikuwa inashuka mu ndevu. "Ningehama. Kivuli iko hata nyuma ya jikoni."

Kesho yake alibeba kiti akaiweka nyuma ya jikoni, na mpaka siku alikufa hakuikaa tena mu kiwanja. Yeye njo alijiazibu, muzee mwenye hakukosa kitu. Wenye kuchora plan walikuwa wanakunywa chai yao. Na mimi nilikuwa na rejista yangu na "amekataa" tatu, mwandiko muzuri kabisa. Nilichukua kalamu, pembeni ya kila moja nikaandika: Sikumuuliza. Majuto ni mujukuu, inakujaka nyuma.

Supervizeri alipokuja alikuta meza imegeuka na kiwanja imejaa wamama. Wamama hakuwaona. Aliona meza.

"Nani amebadilisha plan?"

"Ni mimi, Papa."

"Kwa ruhusa ya nani? Kuko norme, kanuni ya serikali! Rudisha meza pahali yake."

Nikamwambia, "Papa Supervizeri, vua suruali."

"Nini?"

"Vua suruali, ulale hapa, miguu kwa mulango. Mimi nitafungua. Wale wamama wa nje wako na adabu, watakusalimia vizuri."

Mama Sifa alitoka nje mbio na ndoo yake. Nilimusikia anacheka mpaka ku kisima. Yule bwana alienda bila kunywa chai, na nyuma ya kidogo barua ikakuja: nimehamishwa Walikale, ku pori, Itebero. Walifikiri ni azabu. Mama Sifa alinipa kioo yake kwa safari. "Kule meza ikikataa kugeuka," akaniambia, "utageuza hii."

Itebero nilifika nyuma ya siku mingi ya miguu, na mbele ya kufungua mizigo nililala ku meza ya kule. Dirisha ilikuwa inaangalia njia yenye wawindaji wanapitishaka nyama. Lakini sikutosheka na macho yangu, nilishajifunza. Nikaikaa na wamama wakitwanga mihogo nikawauliza. Wakaniambia habari ya dirisha, na wakaniambia ingine yenye nisingeiona hata nikilala mwaka nzima: kama vitambaa vyenye tulipangusia damu tulikuwa tunavitupa pahali kila muntu anaweza kuviokota, na damu ya mwanamuke haiachwake njiani. Tulitundika mukeka ku dirisha, tukachimba shimo, na kila mama alikuwa anatupa kitambaa yake mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Ilituchukua siku mbili, na nilibaki kule miaka mingi bila kuandika lile neno.

Basi. Mwaka huu nimepumzishwa, nikarudi kuikaa Masisi, karibu na ile santre yangu ya kwanza. Wameijenga upya! Simenti, karo ya kungaa chini, lampe yenye shingo ndefu. Nikasema, Vumilia, weye uliangalia wamama maisha nzima, sasa weye wakuangalie. Nikaenda asubui. Neema, munganga kijana wa pale, munamujua, muntu wa roho nzuri. Alinipokea na heshima, akanipima tansio, akasema, "Mama, panda ku meza."

Nikaangalia. Miguu kwa mulango. Na mulango, Mungu wangu, iko na kioo katikati! Kioo safi, wameipangusa! Ngambo ya kioo iko banki, kiti ndefu ya mbao, yenye wagonjwa wanangojea, na ku banki iko katekista wetu. Na ndani ya chumba iko kabati ya ganti za mikono na dawa. Ningali nasimama pale, bwana mumoja akafungua bila kubisha, akachukua karton yake, akaniambia "Asubui, Mama," akatoka.

Nikasikia kinywa yangu inasema, "Siwezi."

Neema akanionea huruma. Alinipa mugongo, na nikaona mukono yake inaenda ku rejista.

"Weka ile kalamu chini!" Nilipiga kelele mpaka katekista akasimama. "Chini! Mbele ya kuandika, lala pale. Weye. Weka miguu unyanyue kichwa."

Alilala. Akanyanyua kichwa. Aliona katekista ku kioo, akashuka polepole, uso imebadilika, akakamata meza ku pembe moja.

"Mama, saidia huku," akasema.

Tuligeuza meza. Kitenge tukaitundika ku kioo. Halafu Neema akafungua rejista, akarudi nyuma kurasa kwa kurasa, kidole yake inashuka ku majina. Amekataa. Amekataa. Amekataa. Alikuwa anasoma na sauti, na sauti ilikuwa inapunguka. "Mapendo," akasoma. "Mwaka jana, na tena mwezi ile imepita. Damu kila akilala na bwana."

"Mapendo gani?"

Akanionyesha mu rejista jina ya mama ya Mapendo. Riziki.

"Vaa buti," nikamwambia.

Tulimukuta mu maharagi, mu shamba ileile. Ana uso ya mama yake. Neema akaanza kuomba musamaha, lakini Mapendo alikuwa ananiangalia mimi.

"Weye njo ulimwambia mama yangu atakufa na haya yake?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa pale nje, mutoto mudogo. Nilisikia."

Sikujitetea. Nikasema, "Nilimupigia kelele, na hata siku moja sikumuuliza vizuri. Weye nakuuliza. Uliona nini kwetu yenye ilikuzuia?"

Aliegemea jembe akasema. Mara ya kwanza alipanda ku meza na akaweka miguu, na ile mulango ikafunguka mara mbili, wanaume wanachukua ganti. Mara ya pili alifika tu ku mulango mwili ikakataa. Alisema na mambo ingine yenye yanamuhusu yeye, sitayaandika hapa. Tulisimama mu maharagi tukamusikiliza mpaka akamaliza, na Neema hakuandika kitu.

Halafu Mapendo akapangusa mikono.

"Sasa ile mulango inafungwa?"

"Inafungwa," nikamwambia. "Na kifunguo utashika weye."

Alilala ku meza ile asubui na kifunguo ndani ya ngumi. Neema alitia vinegri, tukahesabu dakika pamoja sisi watatu. Pahali padogo pakawa peupe, kama ukucha ya mutoto. Inaanza tu. Wiki ijayo anaenda Goma waiondoe, na mimi nitamusindikiza, na goti yangu hii.